Mililita Moja na Nusu

Papa Adalbert alifundisha mafundi wengi wa kompyuta wa Bukavu, na wote aliwachosha kwa hadithi ile ile: kwamba Python, lugha ya kuandikia programu, ilizaliwa katika likizo ya Noeli, mtu mmoja alipotafuta cha kufanya. Mireille, mwanafunzi wake kipenzi, alikuwa akihamishia programu ya mzee kwenye Python mpya, maana ya zamani iliachwa kutunzwa tangu 2020. Programu hiyo iliwapimia watoto dawa katika zahanati moja ya Kadutu. Unaandika kilo za mtoto, inagawa kwa mbili, inakupa mililita.

Alipojaribu kilo tatu, mpya ilijibu moja na nusu. Ya zamani ilijibu moja. Lugha ya zamani, ikigawa namba nzima, ilitupa kinachobaki bila kusema neno. Miaka yote hiyo watoto wadogo kabisa ndio waliopunjwa zaidi.

Angeweza kunyamaza, kwani mzee alikuwa mgonjwa na jina lake lilikuwa safi. Lakini mzee aliisambaza programu ile kwa marafiki mpaka zahanati ya Katana, na huko bado inapima. Mireille akashika njia ya Nyangezi, alikoishi mzee, moyo mzito.

Mzee alimsikiliza akiwa kitandani, rozari mkononi.

"Batoto bangapi?"

"Sijui, Papa. Si weye, luga njo ilikuwa inakata ile nusu."

"Hapana. Luga ilifanya vile iliambiwa. Mimi njo sikuangalia."

Machozi yakamtiririka. Mireille alijuta kuja.

"Fungua ile programu," mzee akasema. "Kuko mistari yenye mashini inaruka, batu tu njo banasoma. Andika pale: kosa hii ilikuwa ya Adalbert. Eleza yote."

"Papa, batu batakusema mubaya."

"Baseme. Kesho mashini njo zitaandika programu, zikisoma zile zetu. Zisome na hii."

Mireille aliandika, akafuta jina, akalirudisha. Mzee alitaka asomewe neno kwa neno. Kisha akaomba simu, akampigia muuguzi wa Katana.

"Jambo, Maman Emérence. Ni Adalbert. Ile programu nilikupatiaka, muiache leo leo."

Sauti ya upande wa pili iliuliza kitu.

"Hapana, maman, haikuharibika," mzee akajibu. "Iko vile niliiandika."