Magoti Yanasemaje Ukishuka

Hasira ya Mbuzi ilianzia ubaoni. Huyu si mbuzi wa kufugwa. Ni mwanamke mwenye kazi yake ya kuongoza wapanda mlima, mama wa mtoto mmoja, na jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyokuwa akipita majabalini kama anayepita sebuleni kwake. Kwenye ofisi ya waongozaji palitundikwa mbao tatu: ya kijani kwa njia nyepesi, ya manjano kwa njia ya wastani, na nyekundu kwa njia ya Ukutani, ambako watu hushuka kwa kamba. Kila mwongozaji alikuwa na kibao chake kidogo cha mti. Asubuhi, ubao utakaokuta kibao chako kinaning'inia, huko ndiko unakokwenda. Chake, kwa mara nyingine tena, kilikuwa kwenye kijani.

Aliyevitundika ni Mkuu wa waongozaji. Na Mkuu huyo, shukuru au usishukuru, alikuwa mumewe.

Mwanzoni alimwambia apumzike kidogo, ametoka kujifungua. Sawa, alipumzika. Mtoto akatambaa, akasimama, akaanza shule, sasa anang'oka meno ya utotoni, na baba yake bado anawaambia watu kwamba mwili wa mama haujarudi. Ulikwenda wapi? Mbuzi alikuwa amemeza hasira mpaka basi.

Tena na cheo nacho kilikuwa kimempanda bwana kichwani. Kijiko kikimdondoka, haokoti. Maji aletewe pale pale alipoketi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huyu alitaka cha mvunguni aletewe kitini. Asubuhi hiyo alimnyooshea mkewe mguu amfungie kamba za viatu. Mbuzi akamwambia ajifunge mwenyewe, yeye si mtumishi wake, akatoka na mlango akaubamiza.

Kazi yenyewe Mkuu aliijua, hilo hata adui angekiri. Wageni walipopanga foleni mbele ya meza yake, hakudanganywa na viatu vipya wala vifua vipana. Aliwauliza walikowahi kupanda, kisha akamaliza na swali lake lile lile: ukishuka, magoti yako yanasemaje? Kupanda kunataka pumzi tu, na pumzi ukikaa kitako inarudi. Kushuka ndiko kunakomjua mtu. Alishawahi kumpeleka jitu la miraba minne njia ya kijani na mke mwembamba wa jitu hilo akampeleka nyekundu, na haikuharibika kitu. Ndicho kilichomuuma Mbuzi. Mtu anawasoma wageni asiowajua bila kukosea, halafu mke wake mwenyewe anamsoma juu chini!

Siku hiyo Mbuzi aliongoza mabibi na wanafunzi, wakarudi mapema, wameridhika. Huko juu mawingu yakaanza kuwa meusi, na kundi la nyekundu, ambalo Mkuu aliliongoza mwenyewe, halijaonekana. Mlinzi wa ofisi akamshauri asubiri. Mbuzi akabeba kamba begani, akapanda.

Aliwakuta wageni chini ya Ukuta, wameketi. Mmoja wao, mama mshonaji, viganja vilikuwa vimechunika kwa kuwa alishuka bila mtu wa kumshikia kamba. Alipowauliza mwongozaji wao yuko wapi, wakaonyesha juu. Mkuu alikuwa katikati ya jabali, amekaa kitako, miguu ameinyoosha, anajiburuta kidogo kidogo. Mgeni mmoja akaeleza kwa heshima zote kwamba mwongozaji amewaambia hivyo ndivyo wanavyoshuka mabingwa.

Mbuzi hakucheka. Akapanda, akamfunga kamba kiunoni, akamshusha. Hakumwambia neno, maana wageni walikuwa wakisikiliza na ya ndani hayaanikwi nje. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa ameumbuliwa na jabali akiwa mzima.

Mvua iliwakuta wameshafika ofisini. Mama mshonaji alifungwa mikono, akaombwa radhi, wageni wakaondoka. Mumewe akajitupa kwenye benchi la wageni. Mbuzi akazunguka, akakaa nyuma ya meza, kwenye kiti cha Mkuu.

"Ukishuka, magoti yako yanasemaje?"

Mkuu akaanza habari za mwamba kuteleza na usingizi wa jana. Mbuzi akamuuliza tena, kwa sauti ile ile.

"Yanakataa," akasema. "Tangu mwaka aliozaliwa mtoto."

Kumbe ndiyo sababu ya kijiko. Ndiyo sababu ya maji, na ya kamba za viatu. Huruma ikambishia hodi Mbuzi, hakuifungulia. Mumewe akakiri kwamba angempanga nyekundu wangeongozana, na wakiongozana angeona, na akiona angemwonea huruma.

"Kwa hiyo ukanifanya mimi ndiye mgonjwa," Mbuzi akasema. "Mwili wangu ulirudi zamani. Uliokwenda ni wako. Na leo mama wa watu amechunika mikono kwa kukuamini."

Walirudi nyumbani wameachana hatua kadhaa, mke mbele.

Kesho yake, waongozaji wote wakiwepo, Mkuu aliondoa kibao chake kwenye nyekundu akakitundika kijani. Cha mkewe akakipeleka nyekundu. Akawaambia ni magoti, ya miaka mingi, na kwamba mwili wa mama mtoto haukuwahi kuwa na tatizo, yeye ndiye aliyekuwa akisema uongo. Wanafunzi wa kundi lake walikuwa mlangoni wanamsubiri. Akataka kuwafuata, kamba za viatu zinaburuta chini, akajaribu kuinama, akashindwa mbele ya wote.

Mbuzi akatua kamba yake, akapiga goti sakafuni, akamkaza kiatu mpaka akaguna.

"Sijakusamehe," akamwambia.

"Najua."

"Basi lete na huo mguu mwingine."