Kurefusha Pigo

Darasa la kipindi cha mwisho lilikuwa hoi, na mwalimu wao wa fizikia alikuwa hoi kuliko wao, lakini mayai alikuwa ameshayabeba kutoka nyumbani, ilibidi yarushwe. Wasichana wawili walishika shuka, naye akalirusha la kwanza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Likazama kwenye shuka, likatulia zima. La pili alilirusha ukutani, na huko hakuna haja ya kusimulia.

“Mayai sawa, kasi sawa,” alisema. “Kilichobadilika ni nini?”

“Muda!”

“Eeh. Momentamu imeisha yote, kwenye shuka na ukutani. Ila ukilisimamisha ghafla, nguvu inakuwa kubwa. Ukirefusha muda, nguvu inapungua.”

“Na jumla ya msukumo, mwalimu, ile nguvu mara muda, nayo inapungua?” aliuliza mmoja wa nyuma.

“Haipungui hata chembe. Haya, andikeni.”

Akaketi. Miguu ilikuwa inamwaka moto.

Kanuni hiyo alikuwa ameipeleka mpaka nyumbani, na ndiyo iliyokuwa inammaliza. Kaka yake, mpakiaji mizigo ghalani, alibanwa na lori lililokuwa linarudi nyuma. Lilikwenda taratibu, mwendo wa mtu aliyetoka kula akashiba. Lakini lilijaa saruji, na lori la saruji halina haraka ya kusimama. Mguu wa kulia ulibaki kati ya lori na ukuta. Kesho yake madaktari waliukata juu ya goti.

Mama yao ana presha, kwa hiyo hakuambiwa hivyo. Mwalimu alimgawia habari kwa vipande. Jioni ya kwanza kaka kagongwa kidogo. Iliyofuata, mguu umevimba. Halafu mfupa una ufa, halafu madaktari bado wanashauriana. Kila siku alitoka shule, akapitia hospitali, akatunga njiani kipande cha jioni. Aliona aibu, tena aliona anafanya jambo la maana, na vyote viwili vilimchosha sawasawa. Leo ilikuwa zamu ya kipande cha mwisho.

Nyumbani alimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, kavaa viatu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Haya, leo umeniletea nini?”

Mwalimu alivuta kiti. “Mama, wale madaktari wamesema...”

“Wameukata.”

“Nani kakwambia?”

“Wewe. Kila jioni unaingia na uso wa mtu aliyebakiza. Nikalia uvimbe, mwanangu. Nikalia ufa. Usiku silali, nawaza kesho utaongeza nini. Ungeniambia siku ile ile ningeanguka, sawa, mngeniinua. Sasa nimeanguka kila jioni, na hakuna aliyeniona.”

“Niliogopa, Mama. Niliogopa nisije nikakupoteza na wewe.”

“Kaka yako aliniulizia?”

“Aliulizia.”

“Kabla hawajamkata?”

Hapa mwalimu angeweza kupunguza. Alikuwa amechoka kupunguza. “Alikuulizia mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji.”

“Ukamwambiaje?”

“Kwamba una mafua. Kwamba ukipata nafuu utakuja.”

Mama hakulia, na mwalimu angeshukuru kama angelia. Alikaa akiitazama mikono yake, akiigeuza huku na huku.

“Mtoto wangu kaingia kule,” alisema taratibu, “akijua mama yake amelala nyumbani na mafua.”



Mama akasimama, akajifunga mtandio. “Twende. Na njiani uniambie yote yaliyobaki. Usinibakizie hata punje.”

Akamwambia. Kwamba kaka hataki kula. Kwamba anageukia ukutani muuguzi akija kubadilisha bandeji. Kwamba ghalani wameshaweka mtu mwingine. Kwamba jana alisema bora lori lingemaliza kazi. Yote yaliisha kabla hawajafika hata kona ya kwanza ya mtaa. Mama alikuwa bado anatembea, tena mbele yake, na mwalimu ndiye aliyesimama akashika ukuta wa nyumba ya watu.