Mkanda wa Shangazi

Trekta letu la kwanza tuliliita Shangazi. Lilikuwa na kelele, lilitoa moshi asubuhi kabla ya kusema na mtu, na halikufanya kazi yoyote mpaka libembelezwe. Mama alilinunua mwaka uliofuata kifo cha baba, likalima shamba letu mpaka mdogo wangu akaota mvi. Lilipokufa, bloku ya injini ilikuwa imepasuka. Fundi wa jirani alichungulia ufa, akafuta mikono, akampa mdogo wangu pole ya msiba.

Msimu uliofuata mdogo wangu aliupoteza akingoja matrekta ya kukodi, ambayo yalikuja kwake baada ya kumaliza kwa kila mtu mwingine. Kabla ya msimu wa pili niliitwa nyumbani. Kazi yangu ni kukagua mizani: ya maduka, ya maghala, ya mashine za kusaga nafaka. Katika familia yetu inaaminika kwamba mtu anayeijua kilo ya kweli anaujua pia uamuzi wa kweli. Si sahihi, lakini sikuwahi kuwakatalia.

Ubishi wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelewa. Kulikuwa na matrekta mawili ya nguvu sawa. Moja liliuzwa na wakala wa zamani, palepale Mama aliponunua Shangazi. La pili liliuzwa na duka geni lililoko barabara ya maghala, tena kwa bei ya chini kiasi kwamba tofauti ingetununulia plau na mabati ya stoo. Mdogo wangu alilitaka hilo la pili. Mama hakutaka hata kulisikia. Akiba ilitosha trekta moja tu, na tukikosea, mdogo wangu angerudi mjini kuendesha malori ya watu, Mama angebaki na nyumba na magugu.

"Bei unaiona," mdogo wangu aliniambia tukiwa mezani. "Huduma huioni. Huduma ni mdomo wa muuzaji."

"Mdomo huo ndio uliokulisha," Mama alisema.

"Mama, yule fundi wako alistaafu zamani. Huenda hata hayupo duniani."

"Duka lipo."

"Duka ni kuta."

"Na wewe kuta umeanza kuzidharau lini? Hulali ndani yake?"

Wote wawili wakanigeukia. "Haya, Dada," mdogo wangu akasema. "Mtu wa mizani ni wewe. Pima."

Nilikuwa upande wa Mama, kwa sababu ambazo nisingeweza kuzitetea mbele ya mkuu wangu wa kazi. Nililikumbuka lile duka. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imekunywa mafuta mpaka ikang'aa. Kaunta ya mbao ilikuwa imelika katikati kwa viwiko vya wateja. Nyuma kulikuwa na shimo ambamo mafundi walisimama kulitazama trekta kutoka chini, na mahali pote palinukia grisi na mpira mpya. Fundi mkuu tulimwita Taratibu. Hakuna aliyewahi kumharakisha, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Mama alimpata kwa njia yake mwenyewe. Alipokwenda kutafuta trekta hakuuliza bei ya trekta. Aliuliza mkanda wa feni. Alisema bei ya trekta kila muuzaji anaijibu akitabasamu, lakini anayetaka mkanda wa feni ndiye anayeonyeshwa sura halisi ya duka. Duka la kwanza walimwambia arudi na mume wake. La pili walitaka kumuuzia mkanda bila kumuuliza ni wa trekta gani. Taratibu alimuuliza, "Ule uliokatika uko wapi?"

"Sina."

"Kaulete. Nikiuona nitajua kwa nini umekatika. Nikikuuzia mwingine hivi hivi, nao utakatika, kisha utanitukana."

"Sina mkanda kwa sababu sina trekta," Mama akasema.

Taratibu akachomeka kalamu nyuma ya sikio, akamsogezea kiti.

Baba mdogo alicheka mpaka ukoo mzima ukajua. Alisema shemeji yake amenunua trekta la bei mbaya kwa sababu amekaribishwa kiti. Msimu huohuo Shangazi alizimika katikati ya shamba, ardhi ikiwa tayari imelowa. Taratibu alikuja kwa baiskeli, sanduku la spana limefungwa nyuma, akalala kwenye stoo ya mahindi mpaka injini ikawaka. Alipoondoka alimkabidhi Mama kipuri kilichoharibika akamwambia akitunze, akiharibikiwa tena aje nacho. Tangu siku hiyo Mama alikuwa na kopo la bati lililojaa vyuma na mipira iliyokufa. Baada ya mavuno baba mdogo alikuja kuomba mahindi. Habari ya kiti hakuigusa.

Basi nikapendekeza tupime kwa mkanda wa feni. Mama alikubali mara moja, kwa kuwa matokeo aliyajua. Mimi pia nilidhani nayajua.

Tulianza kwa wakala wa zamani, mimi na mdogo wangu. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe. Kulikuwa na mashine ya kahawa na maua ya plastiki. Kaunta ya mbao haikuwepo. Shimo la nyuma lilikuwa limefukiwa, na juu yake wamepanga makochi. Ofisa mauzo alitupokea vizuri. Siwezi kumlaumu kwa lolote alilolifanya yeye. Nilimtajia Shangazi. Akabonyeza kompyuta, akasema kwa masikitiko kwamba mfumo haulitambui. Trekta lile ni la zamani, kwa hiyo kipimo hicho hakikuwa cha haki. Nikauliza mkanda wa trekta jipya, lile lililosimama nyuma yake likimeremeta.

"Huo tunauagiza makao makuu, mheshimiwa. Wiki tatu. Zikizidi sana, nne."

"Na trekta likisimama tukiwa tunalima?"

"Mnapiga namba ya bure, mnapewa namba ya tatizo lenu."

"Na mvua nazo zitapewa namba?" mdogo wangu akauliza.

Ofisa mauzo alicheka kwa adabu. Nilitegemea mdogo wangu anigeukie na uso wa ushindi. Alikuwa ameyakodolea macho yale makochi.

"Pale ndipo Taratibu alipokuwa akinikalisha juu ya tairi," alisema. "Ananipa boliti nichezee, nisimsumbue Mama."

Tulikataa kahawa tukatoka.

Duka la barabara ya maghala lilikuwa banda la mabati, matrekta nje, vipuri vya kila aina ndani vikining'inia mpaka darini. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa akigombana na mtu kwenye simu. Alipomaliza alituuliza shida yetu bila kutukaribisha. Nikasema mkanda wa feni, nikataja trekta lile alilokuwa akiliuza.

"Ule wa zamani uko wapi?"

Mdogo wangu alinitazama.

"Kwa nini unauliza?" nikasema.

"Kwa sababu watu wananiletea lawama, hawaniletei mkanda. Nikiuona mkanda najua wa kulaumiwa ni nani."

Nikamuuliza kama aliwahi kufanya kazi kwa wakala wa zamani, na fundi mmoja aliyeitwa Taratibu.

"Simjui. Amewatoroka?"

Hakuwa akimjua, wala hakuwa ameingia kwenye shimo lile hata mara moja. Mkanda wa trekta jipya ulikuwa ukutani nyuma yake, na vumbi juu yake.

Jioni nilimweleza Mama yote kwa mpangilio, bila kuongeza kitu. Alisikiliza akichambua mchele.

"Kaunta yetu wameipeleka wapi?" akauliza.

"Sikuuliza, Mama."

"Ungeuliza." Akaendelea kuchambua. "Na huyo mwenye kelele, ameuliza ule wa zamani? Yeye mwenyewe, hamkumchokoa?"

"Yeye mwenyewe."

Alisukuma ungo pembeni, akaenda chumbani, akarudi na kopo. Alichagua ndani yake mpaka akautoa mkanda wa mwisho wa Shangazi, mweusi na mkavu, umekatika. "Kesho twende wote," akasema.

Kesho yake mama mwenye duka aliupokea ule mkanda bila salamu ndefu, akaugeuza nje ndani, akapitisha dole gumba kwenye ukingo. "Umeliwa upande mmoja. Puli yenu ya kuzungushia mkanda ilikaa mshazari. Mmenunua mikanda mingi bure."

"Huo ni wa baada ya fundi wetu kustaafu," Mama alisema, kama anayemtetea mtu. "Trekta lako likisimama shambani, nani anakuja?"

"Mimi siji, miguu yangu ni ya kaunta. Anakuja kaka yangu na pikipiki. Nauli na ufundi mnalipa ninyi. Akishindwa anasema ameshindwa, hafungui nati kwa maonyesho tu."

"Kwa hiyo ufundi haumo kwenye bei," nikasema.

"Ungekuwemo, bei ingekuwa hii?"

Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Kwa wakala wa zamani tungelipia huduma mapema, ndani ya bei, na huduma yenyewe ilikuwa imefukiwa chini ya makochi. Hapa tungeilipia siku tutakapoihitaji. Nilimweleza Mama hivyo kwa sauti ndogo, na nikamwambia kwamba hata tukiweka pembeni nauli za misimu kadhaa, plau bado linapatikana. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukimngoja aamue.

Mama aliyatazama mabati, waya, vipuri vilivyoning'inia, sakafu ya udongo yenye madoa mapya ya mafuta. Akavuta pumzi. Nadhani alikuwa akinusa, kwa sababu mimi nilikuwa nikinusa. Ilikuwa grisi na mpira mpya.

"Hapa hakuna kiti?" akauliza.

Mwenye duka aliangaza huku na huku, akavuta kreti la mafuta ya injini, akalifuta kwa kitambaa, akalisogeza mbele ya kaunta. Kisha akauchukua ule mkanda mkavu ili autupe kwenye pipa la takataka. Mama, aliyekuwa ameshakaa, alifungua kopo lake akamnyooshea.

"Huo rudisha humu," alisema. "Sasa nishushie ule wa ukutani niutazame, kisha tuzungumze habari ya trekta."