Maman Colombe Katika Vyumba Saba

Jumanne saa tatu asubuhi, Francine alikuwa amekaa biro, yaani ofisini kwao, ghorofani juu ya duka la vitenge pale Nyawera, akivuta toleo la msingi. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ikinyesha Bukavu intaneti hutambaa, kwa hiyo alimenya ndizi akaila polepole bila kuondoa jicho kwenye kimstari cha kijani kilichoonyesha kwenye kioo limevutwa kiasi gani.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Biro ilikuwa na ordinateri moja kubwa, yaani kompyuta, na vituo saba vidogo vya afya viliitegemea kwa fishi, zile kadi za wagonjwa wao. Huwezi kuvilaza vyote saba sebuleni. Kimoja kikiugua, vingine navyo vitaugua. Basi kila kituo kilijengewa chumba chake ndani ya ordinateri ile ile, na kila chumba kilijiona nyumba nzima, chenye mlango wake na funguo zake. Ila vyote vilisimama juu ya msingi mmoja. Huo ndio Francine alioutengeneza. Aliuvuta mzima kutoka kwa wanaoutoa, akalinganisha namba zake na zile zilizotangazwa, tarakimu kwa tarakimu, kidole kwenye kioo, kama mtu anayechambua maharagwe. Kisha akaufungua, akautia viraka vipya vya kuziba matundu yake, tayari kuufunga. Ukishafungwa hauguswi tena. Na ukisahau kitu chako ndani yake, hata unywele, unywele huo utaukuta katika kila chumba.

Francine alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale biro. Lakini kwao mtu hapiki chungu cha kwanza katika nyumba mpya bila kumtaja marehemu wake wa karibu na kumwekea tonge pembeni. Watu wakishakula, tonge huondolewa. Na huu ulikuwa msingi wa kwanza aliotengeneza peke yake. Ndani ya msingi kulikuwa na kikaratasi cha maneno ya kukaribisha; akakifungua, akaandika: Maman Colombe, karibu kula. Alikusudia kuyafuta. Umeme ukakatika, ukarudi, shefu Benoît akachungulia mlangoni na kusema vituo vinangoja, naye akaufunga msingi kama ulivyo. Kufikia saa sita vyumba saba vilikuwa vimesimama.

Jumatano asubuhi akapigiwa simu na Bijou, muuguzi wa kituo cha Cimpunda.

"Francine, maman yako iko huku."

"Iko huku namna gani?"

"Amekaa pembeni ya ordinateri. Kitenge ya kijani. Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

Maman Colombe, mama yake Francine, alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Kabla Francine hajaweka simu chini, Emile wa Mumosho akapiga: maman amefika, analalamika kwamba benchi yao ina maji. Baadaye wakapiga wa njia ya Kavumu. Hadi mchana vituo vyote saba vilikuwa vimeshatoa habari, na kote alikuwa na kitenge kile kile na pengo lile lile la jino la mbele.

Benoît alikagua kila kitu kwa utaratibu. Aliyakuta yale maneno manne na uzito wake mdogo; mama mwenyewe hakuwa ameongeza uzito wowote.

"Vyumba vinatembea muzuri," alisema. "Hatutavunja yote ju ya hii. Tutamuondoa kwa toleo lenye kuja." Akaenda kula.

Alhamisi Francine alipanda ngazi za Cimpunda. Alimkuta mama yake katikati ya wagonjwa, amefungua kifuko cha mbaazi mapajani, anazitoa maganda.

"Kitendawili," alikuwa anasema.

"Tega," benchi nzima ikajibu.

"Nimepika mara moja, nyumba saba wamekula, na chungu kingali kimejaa."

"Mvua," akasema mzee mmoja mwenye kikohozi.

"Hapana, papa."

"Umbea," akasema mwingine, na watu wakacheka hadi Bijou akawaomba wapunguze.

"Mumeshindwa. Nipeni muji."

Wakampa Goma. Akaikataa, akasema volkano ataiwezea wapi na miguu hii. Wakampa Uvira, akaipokea. "Jibu ni kazi ya uyu mutoto wangu," akasema, akimwonyesha Francine kwa kidevu. "Sogeeni, akae."

Francine akakaa. Begani mama yake alikuwa na joto, akinuka moshi na sabuni kama siku zote. Moyoni Francine alishukuru, wala hakuuliza shukrani hiyo aipeleke kwa nani.

Sasa ni vizuri kusema Maman Colombe alikufaje. Mteremko ulikuwa umeporomoka na kabati lake, na ndani ya kabati ilikuwemo carte yake ya kupigia kura. Ndiyo kitambulisho pekee watu wengi walichonacho. Kichwa kilipoanza kumgonga alikwenda kituoni, akaambiwa: bila carte hakuna fishi, bila fishi muuguzi hagusi mtu, nenda utafute nakala. Aliitafuta siku tatu, biro hadi biro. Siku ya nne akaketi kwenye ngazi apumzike, hakuinuka. Juma moja baada ya maziko, majirani wakaiokota carte kwenye udongo, na namba yake inasomeka vizuri.

Nafasi ya namba hiyo bado ilikuwepo kwenye kioo cha vituo vyote, nafasi nyembamba yenye alama nyekundu. Ikiwa tupu, fishi haifunguki. Francine hakuitengeneza yeye. Yeye alitengeneza sakafu tu.

Siku hiyo hiyo, Francine akiwa bado pale benchini, akaingia mwanamke aliyekimbia vita kutoka milima ya juu, na mimba ya miezi minane.

"Carte?" Bijou akauliza.

"Ilibakia kule. Tulitoka na watoto tu."

Bijou akaondoa mikono kwenye vitufe. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amewarudisha wanne Jumatatu ile, na kila mmoja alikuwa amempa pole.

Maman Colombe akaitaja namba yake kwa kichwa, kwa Kifaransa, taratibu, kama sala aliyofundishwa utotoni. Bijou akaiandika. Ile alama nyekundu ikazimika.

"Jina?"

"Andika Colombe," akasema marehemu. "Uyu ni miye."

Kumbe alikuwa amefanya vivyo hivyo tangu jana, katika vile vyumba vingine sita.

Mwisho wa mwezi Benoît akamwita Francine, akageuza kioo ili naye aone.

"Maman yako amezaa mara makumi tatu na ine."

"Ndiyo, shefu."

"Malaria, mara mia mbili na kumi na moja. Mifupa imevunjika tisa." Akashusha macho kwenye orodha. "Tena ametahiriwa mara mbili."

"Ni watoto ya Mumosho, mapacha."

"Nimeelewa." Akavua miwani. "Toleo mupya limetoka, hii ya zamani haitapata viraka tena. Ijumaa unatengeneza msingi mupya. Safi. Bila maman."

Francine akauliza kama ile nafasi ya carte ingeweza kukubali kubaki tupu.

"Ile haiko yetu," Benoît akasema, bila ukali. "Inatoka kule juu, kwa wakubwa. Siye tunajenga vyumba. Maswali ni yao."

Basi Alhamisi Francine alikwenda kuaga. Hakujua aage chumba gani kati ya saba, akachagua Cimpunda, kwa kuwa ndiko alikoketi naye mara ya kwanza. Alimkuta amepakata mtoto wa yule mwanamke wa milimani, msichana wa wiki mbili. Walikuwa wamemwita Colombe. Katika vituo saba walikwishafika kumi na mmoja wenye jina hilo, na wa kiume mmoja.

"Maman, kesho minafunga msingi mupya."

"Bijou ameniambia."

"Sitaandika kitu ndani."

"Kazi ni kazi." Mama akamweka mtoto begani, akampigapiga mgongo. "Usilie. Mwezi huu nimepimwa presha kila siku, mara saba kwa siku. Zamani nilikuwa ninaitafuta mara moja tu." Akalitazama benchi, watu kumi na wawili wakingoja. "Miye nimeshukuru. Ila hawa, kesho kutwa wataitaja namba gani?"

Francine akainuka. Akapokea mfuko wa mbaazi zilizomenywa, akashuka ngazi.

Ijumaa alifanya kila hatua kama inavyotakiwa. Toleo likavutwa likaisha. Namba zikalingana, tarakimu kwa tarakimu. Akatia viraka. Kile kikaratasi cha maneno ya kukaribisha akakifungua, akakitazama kilivyo cheupe, akaweka mikono mapajani. Kilichobaki kilikuwa kufunga. Akajiambia ahesabu hadi kumi, na alipofika kumi akarudia.

Benoît akaingia na barua mkononi.

"Umeisha funga?"

"Bado, shefu."

"Ngoja." Akaisoma kwa sauti akiwa amesimama. Watu wa kule juu walikuwa wamepitia hesabu za mwezi na walitoa pongezi. Katika vituo saba idadi ya wagonjwa ilikuwa imeshuka karibu nusu. Magonjwa mengi sasa yalikuwa kwa mwanamke mmoja tu, jambo ambalo kwa maoni yao lingerahisisha ufuatiliaji. Waliishukuru biro kwa kazi nzuri na kuomba iendelee hivyo hivyo, bila kubadilisha chochote.

Benoît aliikunja barua, akatazama nje, mvua ikishuka juu ya mabati ya Nyawera.

"Andika," akasema.

Francine akaandika maneno yale yale manne, akafunga msingi, na safari hii hakukuwa na kosa ndani yake. Benoît akaushusha mwongozo wa kazi uliokuwa umebandikwa ukutani. Kati ya hatua ya viraka na hatua ya kufunga akaongeza kwa kalamu ya biki: Mkaribishe Maman Colombe. Akaweka tarehe na sahihi, akaubandika tena.

Jumatatu vyumba saba vikafunguliwa, na mama alikuwa mahali pake. Francine aliomba ruhusa ya saa moja, akapanda Cimpunda, akaketi naye benchini, bega kwa bega. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mwenye homa akafika, mtoto mgongoni, akaulizwa carte, akasema hana. Nafasi ile ilikuwa nyekundu kama ilivyokuwa siku zote. Maman Colombe akaitaja namba yake taratibu, Bijou akaandika, alama ikazimika.

"Aksanti, maman," mwanamke akasema.

"Aksanti na wewe, kwa kukuja."

Wakangoja. Baadaye pazia la chumba cha kupimia likafunguliwa, na sauti ikaita: "Colombe!"

Maman Colombe akainuka nusu, haraka, mkono ukitafuta ukingo wa kitenge, kama mtu aliyeitwa baada ya kungoja sana. Kisha akaketi tena, akavuta magoti pembeni, akampisha mwenye zamu.