Kochi Moja, Simu Moja

Kila Alhamisi asubuhi sanduku la filamu mpya liliingia dukani kwa Hakimu, na Ijumaa kabla ya saa nne ubao wake ulikuwa umesimama nje ya mlango, umeandikwa kwa chaki, kila filamu na neno lake: TAZAMA au RUKA. Hakuwa hakimu wa mahakama yoyote. Alikuwa mkodishaji wa filamu tu, mwenye shingo ngumu na miwani iliyofungwa kwa uzi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu akishakata kauli, hakuna rufaa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kulibadili neno aliloliandika.

"Watu wana Jumamosi moja tu kwa wiki," alipenda kusema. "Nikiwapotezea hiyo, nitawalipa kwa kipi?"

Duka lilipakana na karakana ya Cheche, fundi wa kuchomea mageti na madirisha, na mashine ya Cheche ya kusagia vyuma ilipiga kelele tangu asubuhi hadi jua kushuka. Mwaka wa kwanza Hakimu aligombana naye. Mwaka wa pili alichoka. Mwaka wa tatu alizima sauti ya televisheni moja kwa moja, akaanza kuzipima filamu kwa macho matupu, na baada ya muda shida ile akaigeuza kuwa elimu. "Filamu ni picha," aliwaambia wateja. "Nzuri utaijua hata ukiwa kiziwi. Maneno ni ya redio." Hata majina yanayopanda mwishoni hakuyasoma. Majina hayaigizi, alisema.

Wiki hiyo zilikuja filamu tano, na moja iliitwa *Usikate*. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa na Mama Pindo, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu binti yake alikuwa amempigia simu kutoka mjini alikohamia akamwambia, "Nimo, mama. Tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuambii zaidi, isije ikapoa."

Wiki mbili nzima hakuna mteja aliyepimwa kiuno bila kuambiwa habari hiyo. Wanawake sita walikuwa wamealikwa kwake Jumamosi mchana waje waitazame pamoja. Mama Pindo alimwomba Hakimu jambo moja tu.

"Itazame kwanza, kaka. Uniambie anaingia dakika ya ngapi, nisije nikawa namimina chai wakati mwanangu anapita."

Hakimu akaitazama, rimoti mkononi, kiti kimeegemezwa ukutani. Mwanamke wa makamo alikaa kwenye kochi na simu sikioni. Alisikiliza. Alifuta machozi. Alisimama, akakaa tena. Dirisha lilikuwa na mwanga, kisha halikuwa nao. Dakika themanini na tatu zikaisha na mwanamke yuko pale pale, na hakuna kiumbe mwingine aliyekanyaga chumba kile. Hakimu alitoa diski kama mtu anayetoa mwiba, akachukua chaki na kuandika: *Usikate*. RUKA. Halafu, kwa kuwa alikuwa amekasirika, akaongeza jambo ambalo halikuwa desturi yake: Mtu mmoja, kochi moja, simu moja.

Kisha akavuka barabara. Mke wa kinyozi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, akijaribishiwa gauni.

"Dada," Hakimu alisema, "sipendi kuzungusha maneno. Hayumo."

Mama Pindo alikuwa na pini tatu midomoni. Alizitoa moja moja.

"Hayumo vipi?"

"Hayumo. Nimeitazama yote. Kuna mama mmoja tu, na siye yeye. Umri wako yule."

"Labda anapita kwa nyuma?"

"Hakuna nyuma. Kuna ukuta."

Mke wa kinyozi alishusha mikono polepole. "Watoto wa siku hizi," alisema, bila ubaya, "ulimi unatembea kuliko miguu."

"Simama wima," Mama Pindo alimwambia. "Utachomwa na pini."

Kesho yake Hakimu, akipita mlangoni pa Mama Pindo, aliiona simu iliyolazwa juu ya cherehani ikiwaka, ikitikisika, ikisogea kidogo kidogo kama mende juu ya meza. Mama Pindo aliitazama hadi ikanyamaza. Ikaita tena. Akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Jioni habari ilikuwa imeshafika: mwaliko wa Jumamosi haupo tena, Mama Pindo ana kazi nyingi. Watu waliusoma ubao, wakatikisa vichwa, wakakodi filamu nyingine. Hakimu alilala vizuri. Alikuwa amesema kweli, na kweli haina mwenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mama Pindo aliingia dukani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Niwekee hiyo filamu."

"Dada, utajiumiza bure."

"Mwanangu nimemzaa mimi. Kama ameanza kunidanganya, nataka nimwone akifanya hivyo kwa macho yangu. Weka."

Akaweka. Ng'ambo ya ukuta Cheche alikuwa kazini, na kaunta ilitetemeka. Mama Pindo alivuta kiti hadi karibu na kioo. Alimkagua mwanamke wa kwenye kochi, akakagua mapazia, akakagua picha zilizotundikwa ukutani. Hakimu alisubiri kwa subira ya mtu anayejua mwisho.

"Huyu anaongea na nani?" Mama Pindo akauliza.

"Na mtu wa kwenye simu."

"Mtu gani?"

"Haonekani."

"Najua haonekani, nina macho. Nauliza, huyo mtu anamwambia nini hadi analia?"

Hakimu alifungua kinywa. Miaka kumi na mmoja alikuwa na jibu la kila swali lililoulizwa mbele ya kaunta ile, na sasa alipapasa akilini kama mtu anayetafuta swichi katika chumba kigeni. Hakukuwa na kitu. Aliitazama rimoti, akabonyeza kitufe ambacho kidole chake kilikuwa kimekisahau.

Sauti ilipanda, ikapambana na mashine ya Cheche.

"...usikate, mama. Najua umechoka, lakini usikate. Hapa nilipo kuna dirisha. Ngoja nikuambie ninachokiona."

Mama Pindo alishika ukingo wa kaunta. Hakulia. Aliinamisha kichwa hadi sikio likakaribia kabisa spika, akabaki hivyo dakika nzima, dakika mbili, huku sauti ya binti yake, ile ile iliyokuwa ikimwita kutoka uani kila siku kwa miaka ishirini, ikimweleza mwanamke wa kwenye kochi jinsi mvua inavyoanzia paa la mbali.

"Huyo," alisema hatimaye. "Tangu mwanzo hadi mwisho."

Hakimu aliongeza sauti.

Mama Pindo alitoka nje, akapiga simu. Hakimu alimsikia akiuliza, "Umekula?" Kisha, "Siyo hasira. Ni ujinga tu. Ngoja, mwenye ujinga huyu hapa, zungumza naye mwenyewe." Simu ikanyooshwa kupitia mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeiandikia nini?"

Angeweza kukohoa. Angeweza kusema mtandao ni mbaya. "Ruka," alijibu.

Upande wa pili kikapasuka kicheko. "Uliitazama bila sauti! Mjomba, nimekua ng'ambo ya barabara yako, nakujua. Nilimwambia mwongozaji, filamu hii itapendwa kila mahali ila dukani kwa Hakimu."

"Nitafuta sasa hivi. Nitaandika TAZAMA kwa herufi kubwa."

"Usithubutu." Kicheko kilikuwa kimeisha. "Isikilize yote kwanza, ndipo uandike. Hii ni kazi yangu ya kwanza, mjomba. Usinivike kilemba cha ukoka."

Hakimu alirudisha simu, akaenda karakana. Cheche alizima mashine ili asikie.

"Nahitaji kimya," Hakimu alisema. "Saa moja na nusu."

"Kuna msiba?"

"Kuna filamu."

"Ipi? Si umeshazitazama zote?"

"Ile ya kochi. Nilikosea."

Cheche aliinua kinga ya uso ili amwone vizuri mtu aliyetamka neno hilo. Kisha akaweka vifaa chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Basi na mimi naja."

Wakaisikiliza watatu, mlango umefungwa nusu. Wateja wawili walisukuma mlango, wakaona Hakimu ameinua kidole, wakabaki wamesimama. Hakuna aliyeondoka. Ilipoisha, Hakimu aliacha majina yapande, akayasoma yote hadi la mwisho. Akatoka nje na kitambaa kibichi, akafuta mstari ule mbele ya macho ya barabara nzima, akasimama muda mrefu na chaki hewani. Alijua Mama Pindo yuko nyuma yake. Alijua pia maneno aliyoambiwa kwenye simu. Akaandika: *Usikate*. TAZAMA. Nilikosea, sikuwa nimesikiliza. Inalegea kidogo katikati.

Mama Pindo aliusoma ubao mara mbili.

"Inalegea wapi?"

"Pale anapoeleza habari za viatu, dada. Ni parefu."

"Viatu vile ndivyo roho ya filamu!"

"Roho yenyewe ndefu."

"Cheche! Njoo utuambie, palilegea pale?"

Cheche alikwisha kurudi kwenye kiti chake cha karakanani, lakini mashine hakuiwasha. "Mimi naona," alisema kwa uangalifu, "turudie kile kipande, ndipo niseme."

Mama Pindo alikuwa tayari amegeuka kuvuka barabara, utepe ukipepea mabegani. "Msirudie bila mimi," alisema. "Nakwenda kuwaita wale sita."