Korosho Zilizogoma Kuganda

Fundi cherehani, mwanamke mzima mwenye ulimi wake, alikuwa na siri moja: friza. Kila joto lilipompanda kutoka kifuani mpaka utosini, blauzi ikalowa chapachapa, aliacha cherehani, akanyata hadi jikoni na kuingiza kichwa kwenye friza. Aah, raha iliyoje! Umri ulikuwa umembishia hodi, homoni zinamchezea shere, naye hakutaka mkamwana wake ajue. Aonekane kikongwe? Thubutu!

Mkamwana huyo alikuwa msusi, mwenye maneno mengi mpaka mama mkwe akambandika jina la Chiriku. Lakini siku hizi Chiriku alikuwa kimya, na fundi roho haikutulia. Binti amenichoka huyu, anataka kuhama. Na akihama, nani atanichekesha? Mwanangu? Yule ana ucheshi wa tofali!

Jumamosi asubuhi Chiriku alisaga korosho na tende, akachanganya na kakao na tui zito, bila chembe ya sukari, akamimina kwenye trei na kuitia kwenye friza.

"Daktari kasema nipunguze sukari," alisema juu juu. "Mchana itakuwa imeganda, Mama, tutakata vipande."

"Haya, mwanangu."

Igande wapi! Siku hiyo joto liliamua kumkomesha fundi. Akishona upindo, mbio kwenye friza. Akitia zipu, mbio kwenye friza. Safari ya mwisho alikaa humo mpaka miwani ikaingia ukungu, huku akijiimbia.

Mchana Chiriku akatoa trei. Uji mtupu! Akaketi sakafuni, akaangua kilio.

"Mara ya tatu hii! Hata korosho zinanikataa!"

"Zikukatae kwa lipi?"

"Homoni zangu zimevurugika, Mama. Siku zangu zinapotea miezi na miezi, mimba haishiki, na wewe kila leo unauliza mjukuu. Bora nirudi kwetu tu."

Fundi alihisi moyo unamchoma. Alikuwa akiuliza kwa utani, jamani, utani tu! Angeweza kunyamaza na aibu yake ikabaki salama. Lakini binti alikuwa anaondoka.

"Korosho hazina kosa," akasema. "Wala wewe. Mkosaji ni mimi."

"Umefanya nini, Mama?"

Fundi alifungua friza, akazamisha kichwa mpaka mabegani.

"Hivi!" sauti ikatoka humo ndani. "Tangu asubuhi! Naungua, mwanangu, naungua miezi sasa!"

Chiriku akapasuka kwa kicheko, akashika mguu wa meza asianguke.

"Kumbe ni wewe! Na sisi tumeita mtu mara mbili aitengeneze friza!"

"Zako zimevurugika, zangu zinaaga. Mwanangu kaoa na kuzaliwa kwenye balaa!"

Wakachukua vijiko viwili, wakaketi sakafuni mbele ya friza iliyo wazi, wakala ule uji wa korosho moja kwa moja kwenye trei. Mtamu ajabu.

"Na habari ya mjukuu," fundi akasema, "nikiuliza tena, nifungie humu ndani."

"Utaganda, Mama."

"Angalau kitu kimoja kitaganda nyumba hii!"

Chiriku akacheka mpaka kijiko kikamponyoka. Halafu akaanza kusimulia vituko vya wateja wake, maneno hayana kituo, na fundi akamsogelea, jasho likimtiririka, asilifute wala asijali.