Madaftari ya Clifford Sugden

Noreen Sugden aliingia ukumbi wa kanisa na madaftari kumi na moja ndani ya mfuko wa sokoni, na hakuna aliyempisha kiti. Meza zilikuwa zimepangwa kama kila Alhamisi, juu ya kila moja ubao wa mchezo na saa yake, ila siku hiyo hakuna aliyecheza. Zilikuwa zimepita wiki sita tangu amzike mumewe, Clifford, na wanaklabu walikuwa wameitwa kupiga kura: jina lake libaki kwenye ubao wa washindi, au lifutwe.

Ubao huo ulikuwa ukutani, juu ya birika kubwa la chai. C. Sugden, mara nne, kwa rangi ya dhahabu.

“Umekuja, Bi Sugden,” alisema mwenyekiti, Bernard Lascelles. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na sauti ya kazi ile haikumtoka. “Tulikuandikia kwamba si lazima.”

“Barua niliisoma. Ndiyo maana nimekuja.”

“Chai ipo. Utajihudumia mwenyewe,” alisema Gwenda Pratt, katibu, bila kuinua macho.

Lascelles akasimama, akasoma shtaka dhidi ya Clifford. Katika mchezo wao wa kupanga maneno, kila mtu huchomoa vigae vya herufi kutoka kwenye mfuko, mkono umeinuliwa hadi begani na uso umegeuzwa pembeni. Lakini herufi zimechongwa kwenye kigae, na mwenye vidole vijanja huweza kupapasa, akaziacha mbaya na kuchukua nzuri, zile zenye alama nyingi kama Q na Z. Pale klabuni hapakuwa na tusi kubwa kuliko kuambiwa unapapasa. Lascelles alikuwa amepitia karatasi za mechi za miaka minne, akahesabu ni mara ngapi Clifford alipata Q, ni mara ngapi alipata Z, ni mara ngapi alipata vile vigae viwili vitupu vinavyoweza kuwa herufi yoyote, na kwa hesabu yake zilikuwa nyingi mno.

“Na shahidi ninaye,” alisema. “Gwenda.”

“Mkono wake ulikuwa ukikaa mno mfukoni,” alisema Gwenda. “Sisi wote tuliona. Mtu anachomoa, anamaliza. Yeye utadhani anatafuta funguo.”

“Mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na tano akashuka mgodini,” Lascelles aliongeza, “maneno yale aliyatoa wapi? Tuambizane ukweli.”

Noreen aliinamisha mfuko wake wa sokoni, madaftari yakamwagika mezani. Moja lilikuwa la maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U. Jingine la maneno yenye Z katikati, jingine la maneno yasiyo na irabu hata moja. Clifford aliyaokota kwenye kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alikula mkate wake wa kuchoma huku Noreen akimuuliza: “Q, herufi tano.” Alilopenda kuliko yote lilikuwa *qanat*, kwa sababu ni mfereji wa maji uliochimbwa chini ya ardhi. “Nao walichimba, Noreen,” alikuwa akisema, kana kwamba aliwajua.

“Fungua popote,” alimwambia Lascelles. “Uniulize mimi. Sijawahi hata kucheza.”

Lascelles alishika daftari kwa ncha mbili za vidole, kama kitambaa kichafu. “Maneno yanayoishia na J.”

“*Haj. Raj. Taj. Hadj. Swaraj.* Yapo mengine. Niendelee?”

Mzee mmoja nyuma, Denzil Throup, alicheka puani. “Bernard, mwenzako kakumaliza.”

“Kukariri si kosa,” alisema Lascelles. “Sijasema hakuyajua maneno. Nimesema alichagua herufi.”

“Sasa hivi umesema mtu wa mgodini atayatoa wapi.”

“Tupige kura.”

Noreen alitazama jina ukutani. Alikuwa amemwahidi Clifford kutunza siri na asingependa kuivunja ahadi hiyo mbele ya watu hawa, lakini mikono ilikuwa karibu kuinuka.

“Alikuwa hasikii kitu vidoleni,” alisema.

Gwenda akainua macho.

“Mtikisiko wa mashine ya kutoboa mwamba uliviua, vyote kumi. Kila asubuhi mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Mkono ulikaa mfukoni kwa sababu hakujua kama ameshika kigae kimoja, au vitatu, au kitambaa cha mfuko. Wewe Gwenda ulimwona anapapasa. Alikuwa akihangaika.”

“Hakuwahi kutuambia,” alisema Lascelles.

“Asingekuambia wewe hata ungemchoma moto.”

“Basi ni maneno yako tu.”

Noreen alikwenda jikoni, akarudi na jozi mbili za glavu za kuoshea vyombo. “Vaa zote, moja juu ya nyingine. Nitolee vigae saba, visizidi, visipungue. Geuza uso. Denzil, washa saa.”

Lascelles angeweza kukataa, lakini watu ishirini walikuwa wakimtazama. Aliingiza mkono mfukoni, akachakura. Kigae kikaanguka sakafuni, kisha kingine. Akachakura tena, shingo ikawa nyekundu. Alipotoa mkono, saa ilikuwa imekula dakika moja na nusu, na kiganjani mlikuwa na vigae vitano.

Hakuna aliyecheka.

“Hii haithibitishi lolote juu ya Sugden,” alisema.

“Vua glavu, Bernard,” alisema Denzil. “Inua mkono kama sisi.”

Kumi na mmoja walisema jina libaki, tisa walisema lifutwe. Lascelles alikuwa kati ya wale tisa, na aliuweka mkono wake juu hadi Noreen auone vizuri.

Gwenda alimfuata mezani alipokuwa akikusanya vitu vyake. “Pole, mpenzi. Hatukujua. Maskini Cliff.”

“Usimwite maskini.”

“Nasema kwa wema tu.” Gwenda akagusa daftari moja. “Haya yangeifaa klabu, ukituachia. Wanaoanza wangejifunza.”

“Kamusi mnayo,” alisema Noreen. “Maneno yatafuteni moja moja, kama alivyoyatafuta.”

Aliuvuta mlango. Nyuma yake mtu alisema, kwa sauti ya huruma kabisa, “Jamani, hata vifungo.” Mwingine akaguna kwa masikitiko. Kwa miaka yote ile Clifford aliwastahimili wakimwita mwizi chini chini, ili tu wasije wakamzungumzia hivyo. Noreen alisimama kizingitini kidogo, akawasikiliza wakimhurumia mumewe, kisha akatoka.